Wastani na Mrija: Upimaji wa Mgawanyo wa Maji na Mvuke katika Vihamishajoto

Utangulizi

Makala haya yanahusu jambo ambalo aghalabu halijadiliwi katika kurasa za wanafunzi wa Kiswahili, yaani namna maji na mvuke vinavyogawanyika vinapoingia katika mirija mingi kwa wakati mmoja, na namna mgawanyo huo unavyoweza kupimwa. Mada kama hii huachiwa wahandisi, nao huizungumzia kwa Kiingereza. Hata hivyo, jambo lenyewe hutendeka kila siku karibu na msomaji. Mwanafunzi anayepanda matatu katikati ya jiji la Nairobi kuelekea Bewa la Kikuyu la Chuo Kikuu cha Nairobi, ambako vizazi kadhaa vya walimu wa Kiswahili vimesomea, huketi hatua mbili tatu tu kutoka kwa chombo kinachoifanya kazi hiyo. Chombo hicho ni rejeta.

Safari yenyewe ni ya kupanda. Katikati ya jiji ni kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Kikuyu inakaribia mita 2,000, na Limuru, iliyo mbele yake, imepita mita 2,200. Gari lililojaa abiria, likipita Westlands, Kangemi na Uthiru kwa gia ndogo katika msongamano wa jioni, huifanyisha injini kazi nyingi huku upepo wa kuipoza ukiwa haba. Hapo ndipo baadhi ya magari huanza kufuka mvuke kando ya Barabara ya Waiyaki. Abiria hushuka na kudai nauli yao, na mwenye gari hupoteza mapato ya jioni hiyo. Dereva akilazimisha safari, kichwa cha silinda huweza kupinda, na hasara ya jioni moja ikageuka kuwa hasara ya injini nzima.

Linaloshangaza ni kwamba katika visa vingi mshale wa kipimajoto ulio mbele ya dereva huwa umekaa mahali pake pa kawaida tangu asubuhi. Kipimo hakikudanganya. Kilitoa hali ya jumla ya maji mahali kilipochomekwa, ilhali kasoro ilikuwa imeanza miezi kadhaa nyuma, katika mrija mmoja, kisha wa pili, kisha wa tatu. Wastani ulikuwa mzuri. Mgawanyo ulikuwa umeharibika. Tofauti baina ya mambo hayo mawili ndiyo kiini cha makala haya.

Jina la chombo na majina ya mambo yake

Rejeta ni mwana mmoja wa ukoo mkubwa. Katika ukoo huo mna koili za jokofu, mabamba yanayopashia maziwa moto viwandani, na mabomba yanayopoza mafuta ya mitambo. Vyombo vyote hivi huhamisha joto kutoka kwa kitu kimoja kinachotiririka hadi kwa kingine bila ya vitu hivyo viwili kuchanganyika. Kiingereza kimevipa jina linalodokeza kubadilishana, na wapo waliotafsiri jina hilo neno kwa neno wakapata "kibadilishajoto". Istilahi hiyo ina udhaifu. Mwanafunzi anayeisikia kwa mara ya kwanza anaweza kudhani kuwa joto hugeuzwa kuwa kitu kingine, au kwamba pande mbili hupeana joto kama watu wanavyopeana zawadi. Sivyo ilivyo. Joto huenda upande mmoja tu, kutoka kwenye moto hadi kwenye baridi, wala halirudi. Kwa hiyo makala haya yanatumia "kihamishajoto", jina linalotaja kazi yenyewe.

Kwa upande wa istilahi nyingine, msingi ulikwisha kuwekwa. Mwaka 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilichapisha kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia, na maneno kama vile kanieneo, halijoto na tungamo yamepata kujulikana katika madarasa na vitabu. Kanieneo ni mfano wa uundaji mzuri: kani inayokandamiza eneo. Anayelielewa neno hilo ameielewa nusu ya dhana. Ziko tofauti za hapa na pale, mathalan kimiminika kwa baadhi ya waandishi na kiowevu kwa wengine, hasa nchini Kenya. Tofauti hizi zimewahi kuzua mijadala mirefu kuliko zinavyostahili. Hapa litatumika neno kimiminika.

Neno linalohitaji uangalifu zaidi ni mgawanyo, kwa kuwa lina ndugu wanaofanana naye. Mgao ni fungu ambalo kila mmoja hupata. Mgawanyo ni sura ya mafungu yote yakitazamwa kwa pamoja. Mkazi wa Nairobi hahitaji kufunzwa tofauti hii. Januari 2017, baada ya maji ya Bwawa la Ndakaini kupungua mno, wakazi wa jiji waliwekewa ratiba ya mgao wa maji, na tangu wakati huo watu wa Kangemi na Kawangware wamejua vyema kwamba jumla ya maji yaliyotoka kwenye mitambo ya kusafishia haimwambii mtu kama mfereji wa nyumbani kwake utatoa kitu siku ya Alhamisi. Mita iliyo kwenye bomba kuu hupima jumla. Ndoo iliyo chini ya mfereji hupima mgao. Ili kuujua mgawanyo, lazima ndoo zote zihesabiwe.

Maji yakiwa peke yake

Maji yanayotoka kwenye injini huwa na halijoto ya nyuzi 90 hivi za Selsiasi. Husukumwa na pampu hadi kwenye tangi la juu la rejeta, yakateremka kupitia mirija mingi myembamba iliyo bapa, iliyopangwa sambamba na kushikiliwa na mapezi ya bati laini la shaba au alumini, hadi kwenye tangi la chini, kisha hurudi kwenye injini. (Katika magari mengi ya siku hizi matangi hukaa kushoto na kulia, na maji hupita kwa ulalo, kanuni ni ile ile.) Upepo unaovutwa na feni hupenya katikati ya mapezi na kulibeba joto. Kilo moja ya maji ikipoa kwa nyuzi moja hutoa kilojuli 4.2 hivi. Kwa hiyo rejeta inayopitisha kilo moja ya maji kwa kila sekunde na kuyapoza kwa nyuzi 8 huwa inaondoa takriban kilowati 33 za joto. Hizo ni kama birika 16 za umeme zikichemsha kwa pamoja.

Mirija yote huanzia kwenye tangi moja na kuishia kwenye tangi moja. Kwa sababu hiyo, tofauti ya kanieneo baina ya mwanzo na mwisho hukaribia kuwa sawa kwa kila mrija, na kinachoamua mgao wa kila mmoja ni ukinzani wake. Maji hayana upendeleo wala huruma. Penye ukinzani mdogo ndiko yaendako kwa wingi. Rejeta ikiwa mpya, mirija hulingana na mgawanyo huwa karibu sawa. Baada ya miaka kadhaa ya kujazwa maji matupu yasiyotiwa dawa ya kuzuia kutu, matope mekundu huanza kutuama katika baadhi ya mirija.

Ni rahisi kukisia vibaya madhara ya matope hayo. Mtu anaweza kusema kuwa mrija uliozibwa nusu utapitisha nusu ya maji. Hesabu inakataa. Katika mrija bapa ambamo maji hupita kwa utulivu, kiasi kinachopita hufuata upana wa mwanya ukizidishwa kwa wenyewe mara tatu. Mwanya ukipungua hadi nusu, maji hupungua hadi thumuni. Yakipita kwa msukosuko, uwiano huo hulegea kidogo, lakini bado mrija hupoteza maji kwa kasi kubwa kuliko unavyopoteza nafasi. Isitoshe, maji machache yaliyobaki humo huenda polepole, na yanapokwenda polepole uchafu hutuama kwa urahisi zaidi. Mrija mgonjwa huzidi kuugua. Maji uliyoyakataa huelekea kwenye mirija mizima, ambayo sasa hupitisha kupita kiasi na kuyatoa yakiwa bado na joto jingi.

Mbona basi mshale wa dereva hausogei? Ni kwa sababu ya thamostati, yaani kilango kinachofunguka kadiri maji yanavyopata joto. Rejeta ikianza kushindwa, thamostati hufidia kwa kufunguka zaidi, nayo halijoto ya injini hubaki pale pale. Fidia hiyo huendelea kimyakimya hadi kilango kifunguke chote. Siku hiyo hakuna akiba tena, na mlima wa kwanza mrefu hufichua yaliyokuwa yamefichika. Kwa maneno mengine, chombo kilichowekwa ili kulinda wastani ndicho kinachouficha mgawanyo mbaya.

Mvuke unapoingia

Hadi hapa jambo ni jepesi kiasi, kwa kuwa ni maji tu. Ugumu wa kweli huanza vinapokuwa vitu viwili.

Mombasa maji huchemka kwa nyuzi 100. Nairobi, kwa kuwa hewa ni nyepesi zaidi, huchemka kwa nyuzi 94 au 95, na Limuru kwa nyuzi 92 hivi. Injini inayofanya kazi kwa nyuzi 90 ingekuwa hatarini wakati wote kama si kifuniko cha rejeta. Kifuniko hicho chenye springi hufungia kanieneo ndani, na katika jiji la Nairobi kifuniko kizima cha kawaida huweza kuisogeza halijoto ya kuchemka hadi karibu nyuzi 115. Springi ikichoka au mpira wake ukipasuka, kinga hiyo hutoweka. Hii ndiyo sababu pia kufungua kifuniko injini ikiwa moto ni jambo la hatari kubwa: maji yaliyokuwa yametulia kwa nyuzi 105 hujikuta ghafla mahali ambapo yanapaswa kuwa yamechemka tayari, nayo hulipuka kuwa mvuke usoni pa aliyefungua. Maji yakigeuka mvuke huhitaji nafasi zaidi ya mara 1,600 ya ile ya awali.

Mvuke si mgeni wa pekee. Gasketi ya kichwa cha silinda ikipasuka, gesi za mwako huvuja na kuingia kwenye maji. Hewa nayo hubaki ndani rejeta inapojazwa kwa pupa. Sasa kinachofika kwenye tangi la juu ni mchanganyiko wa gesi na kimiminika, na viwili hivyo havigawanyiki kwa namna moja. Kimiminika ni kizito. Kikishika kasi hupenda kuendelea mbele hata njia inapokunja. Gesi ni nyepesi na hugeuka kona upesi. Juu ya hayo, uzito huvuta kimiminika chini na kuacha gesi juu. Basi mrija mmoja huweza kupata maji matupu na jirani yake gesi tupu, ingawa vyote vimetoka katika bomba moja. Mrija uliojaa hewa au gesi ya mwako hauondoi joto la maana yoyote, hata uwe safi kama siku ulipotoka kiwandani.

Katika vyumba vya baridi vya maduka makubwa ya Westlands kasoro hiyo hiyo huonekana kwa sura nyingine. Kipozeo kinachochemka ndani ya koili hugawanywa katika vijia kadhaa. Kijia kilichopata gesi nyingi hakina kimiminika cha kuchemka, hivyo hakipozi. Kilichopata kimiminika kupita kiasi hukitoa kabla hakijachemka chote, na kimiminika hicho kikifika kwenye kompresa huweza kuivunja. Fundi mwenye jicho huusoma mgawanyo kwa kutazama jalidi iliyoganda juu ya koili: penye kijia kinachofanya kazi huwa peupe, na penye kijia chenye njaa huwa pakavu.

Hapa Kiswahili kina nafasi ya kufanya vizuri kuliko kuiga. Wataalamu huainisha michanganyiko ya gesi na kimiminika kwa sura yake ndani ya bomba. Gesi ikiwa chache hutawanyika kama povu la soda: huo ni mtiririko wa viputo. Bomba likiwa la mlalo na mwendo ukiwa wa taratibu, maji hulala chini na gesi hupita juu: mtiririko wa matabaka. Gesi ikiwa nyingi na yenye kasi, maji husukumwa ukutani na gesi hupita katikati: mtiririko wa pete. Upo pia ule ambamo maji huja kwa vipande vikubwa vilivyotenganishwa na gesi, vikigonga bomba kwa kishindo. Kwa huu, Kiingereza hutumia neno ambalo pia ni jina la konokono asiye na gamba, na mfasiri asiyekuwa makini angeweza kumleta mdudu huyo hadi darasani. Lakini Kiswahili kina neno funda, yaani kiasi cha maji kinachojaza kinywa na kumezwa kwa mara moja. Bomba linalopokea maji namna hiyo linapiga mafunda. Mtiririko wa mafunda, basi. Vivyo hivyo kwa sehemu ya bomba inayoshikwa na gesi, ambayo Waingereza huitaja kana kwamba ni utupu. Si utupu. Pana gesi pale, na inapimika. Fungu la gesi ni jina linalosema ukweli.

Kupima kwa kiganja

Barabara ya Kirinyaga, ambayo watu wengi bado huiita Grogan kwa jina lake la kikoloni, iko pembezoni mwa katikati ya jiji, karibu na Mto Nairobi. Ni mtaa wa vipuri na gereji. Kutoka hapo hadi kwenye bewa kuu la Chuo Kikuu cha Nairobi, taasisi iliyoanza kufunza mwaka 1956 ikiwa chuo cha ufundi, ni mwendo mfupi wa miguu. Bewani mgawanyo wa mtiririko hufundishwa kwa Kiingereza na kwa milinganyo. Grogan, kama ilivyo katika gereji za Dagoretti Corner na Kawangware upande wa magharibi, hujadiliwa kwa Kiswahili cha mjini kilichochanganywa na lugha nyingine zote za jiji, na kupimwa kwa kiganja.

Upimaji huo unastahili kuelezwa kwa heshima, kwa kuwa una mantiki kamili. Injini hupashwa moto mpaka thamostati ifunguke, kisha huzimwa, na feni ya umeme hukatwa isije ikawaka yenyewe. Fundi hupitisha kiganja juu ya uso wa rejeta, bila kugandamiza mapezi. Joto linapaswa kupungua polepole kutoka upande maji yanakoingia hadi upande yanakotoka. Hiyo ni hali ya kawaida. Kinachotafutwa ni kitu kingine: ukanda wa baridi unaofuata mwelekeo wa mirija. Ukanda kama huo huwa na maana moja tu, kwamba mirija iliyo chini yake haipitishi maji. Fundi husema mrija umeziba, au umekufa. Doa la baridi lililo juu kabisa, lisilofuata mrija wowote, aghalabu huwa ni hewa iliyonaswa.

Kipimo cha pili ni cha maji. Rejeta huondolewa garini, mdomo wa chini huzibwa, hujazwa hadi juu, kisha mdomo hufunguliwa kwa mara moja. Maji yakitoka kwa kishindo, mirija iko wazi. Yakitoka kwa unyonge, kuna kasoro. Kipimo hiki kina udhaifu ule ule wa mshale wa dereva, kwa maana kwamba hutoa jumla: hakiwezi kusema ni mirija mingapi imekufa wala ni ipi. Ndiyo maana fundi mzoefu hakitegemei peke yake. Ikiwa rejeta ni ya shaba, huyeyusha lehemu, huliondoa tangi la juu na kuitazama midomo ya mirija moja kwa moja. Hapo huhesabu. Mirija 6 kati ya 40 inaweza kuchokolewa kwa ufito bapa wa chuma na rejeta ikarudi kazini. Mirija 20 kati ya 40, ambayo tayari imeliwa na kutu, haifai gharama ya lehemu. Uamuzi huu hugusa mfuko wa mwenye matatu moja kwa moja, na hauwezi kufanywa kwa kutumia wastani.

Sifa kubwa ya kiganja ni kwamba hakibadilishi kinachopimwa. Jambo hili huonekana dogo mpaka lilinganishwe na yanayowapata watu wa maabara.

Kupima katika maabara

Tuseme mtafiti ana kihamishajoto chenye vijia 16 na anataka kujua kila kijia kinapata maji kiasi gani na gesi kiasi gani. Njia iliyo wazi ni kuweka mita katika kila kijia. Lakini mita nayo ina ukinzani. Maji yakikutana nayo hukimbilia vijia vingine, na mtafiti huishia kupima mgawanyo alioutengeneza mwenyewe. Akiweka mita 16 zinazofanana kabisa, ukinzani wao huweza kuumeza ule wa vijia, na mgawanyo uliokuwa mbaya ukaonekana sawa. Tatizo hili halimwachi mtu yeyote anayepima vitu vinavyogawana njia.

Suluhisho mojawapo ni kuacha vijia vyote vitoe mchanganyiko wao mahali penye kanieneo moja, na kuutenganisha nje. Chini au juu ya kila kijia huwekwa chombo kidogo: maji hukusanywa na kupimwa kwa muda maalumu, gesi hupita kwenye mita yake. Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Genoa nchini Italia walichapisha majaribio ya aina hiyo, ambamo hewa na maji viligawanywa kutoka bomba moja la mlalo hadi katika vijia 16 vya wima. Kwa jumla, katika mpangilio kama huo, kasi ya gesi ikiwa ndogo maji hupenda vijia vya karibu na lango, na kasi ikizidi maji hutupwa hadi mwisho wa bomba. Kihamishajoto ni kile kile, jumla ya maji ni ile ile, lakini walioshiba na walio na njaa wamebadilishana nafasi. Kwa sababu hiyo umbo la lango lenyewe, pale mchanganyiko unapoingia, huwa na uzito mkubwa kuliko mtu angedhani.

Njia nyingine hutumia umeme. Maji hupitisha umeme, hewa haipitishi. Kwa hiyo nyaya mbili nyembamba zilizokaribiana zinaweza kueleza ni nini kilicho baina yao kwa wakati wowote. Mwaka 1998 Horst-Michael Prasser na wenzake huko Rossendorf, karibu na Dresden nchini Ujerumani, walieleza kifaa chenye safu mbili za nyaya zilizopishana kama wavu ndani ya bomba. Kila mahali nyaya zinapopishana ni jicho moja, na wavu mzima husomwa zaidi ya mara elfu moja kwa sekunde, hata mafunda na viputo vikaonekana kama picha. Wavu huo nao hugusa mtiririko na kuuvuruga kidogo. Wasiotaka kugusa chochote hutumia miali inayopenya chuma. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Kyoto nchini Japani wametumia nyutroni, ambazo hupenya metali nyingi kwa urahisi lakini huzuiwa na haidrojeni iliyo ndani ya maji. Kwa miali hiyo ukuta wa bomba hugeuka kama kioo, na maji hubaki kama kivuli. Kifaa cha namna hiyo huhitaji mtambo wa nyuklia, hivyo hakitafika Grogan.

Tatizo hili hukua pamoja na mitambo. Huko Olkaria, karibu na Naivasha, ambako mtambo wa kwanza wa megawati 15 ulianza kuzalisha umeme mwaka 1981, visima vya mvuke hutoa mchanganyiko wa maji na mvuke kutoka ardhini. Kisima kinapojaribiwa huweza kupimwa kwa njia iliyopendekezwa na Russell James wa New Zealand mwaka 1962: kanieneo husomwa kwenye mdomo wa bomba ambapo mchanganyiko hutoka kwa kasi kubwa, na maji yaliyobaki baada ya mvuke kuondoka hupimwa yakipita kwenye kizuizi chenye pengo la pembetatu. Kwa vipimo hivyo viwili hupatikana kiasi cha mchanganyiko na joto lililomo. Hapo kila kisima ni kama mrija mmoja, na jumla ya megawati zinazofika Nairobi huweza kubaki nzuri kwa muda huku kisima kimoja kikififia. Lazima kila kisima kiulizwe peke yake.

Rejeta za siku hizi

Magari mengi yanayoingia Kenya sasa yana rejeta za alumini zenye matangi ya plastiki yaliyokunjiwa pembeni. Hizi haziyeyushwi lehemu zikafunguliwa, na ufito wa chuma hautumiki kwa urahisi katika mirija yao. Fundi aliyekuwa akihesabu mirija kwa macho amenyang'anywa kipimo chake cha uhakika. Kamera za joto, zinazoonyesha halijoto kwa rangi, zimeanza kuwa na bei nafuu, na zingemwonyesha ukanda wa baridi kwa picha ambayo mwenye gari angeweza kuitazama pia. Kwa sasa, katika gereji nyingi za Kawangware na Dagoretti, injini hupashwa moto, feni hukatwa, na kiganja hupitishwa polepole kutoka upande mmoja wa rejeta hadi wa pili.